Kutokomeza au kudhibiti? Mbung'o, kunguru na malaria ya Unguja

Oktoba 1977, mpishi wa hospitali katika mji wa Merca, pwani ya Somalia, alipata homa kisha akatokwa na vipele. Jina lake Ali Maow Maalin. Kwanza ilidhaniwa ni malaria, halafu ikadhaniwa ni tetekuwanga. Ilipobainika kuwa ni ndui, akawa mtu wa mwisho duniani kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida, nje ya maabara. Alipona. Miaka mingi baadaye akajiunga na kampeni ya chanjo ya polio, akiwasimulia wazazi jinsi yeye mwenyewe alivyoikwepa chanjo ya ndui kwa kuogopa maumivu. Mwaka 2013, akiwa katika kazi hiyohiyo ya polio, alifariki. Kilichomuua ni malaria.

Mtu mmoja, magonjwa matatu: wa kwanza umefutika, wa pili umebaki kidogo tu na kidogo hicho hakiishi, wa tatu uko palepale na umemzika aliyeponea wa kwanza. Ukitaka kujua kwa nini mmoja uling'oka na mwingine haung'oki, usianzie kwenye bidii ya watu. Bidii ilikuwepo kote kutatu.

Neno "tokomeza" limechoka. Liko kwenye fulana za kampeni, kwenye mabango ya barabarani, kwenye hotuba za wageni rasmi: tokomeza malaria, tokomeza kipindupindu, tokomeza gugu maji, tokomeza kunguru. Ukimsikiliza vizuri anayelitamka, mara nyingi anamaanisha kupunguza. Mimi sina ugomvi na lugha ya mabango, ila kutokomeza na kudhibiti ni kazi mbili zenye vifaa tofauti, muda tofauti na bajeti tofauti, na anayetangaza moja huku akilipia nyingine hupoteza fedha za zote mbili. Kwa hiyo nimeziweka hapa bega kwa bega, kwa ajili ya yeyote anayeletewa mpango mezani na kuombwa aupitishe: diwani, sheha, mjumbe wa kamati ya afya, mwenyekiti wa ushirika wa wafugaji.

Kudhibiti ni kufagia uwanja chini ya mwembe. Leo unafagia, kesho majani yapo, unafagia tena, na nyumba inakalika. Kutokomeza ni kuung'oa mwembe na mizizi yake. Ukifanikiwa, ufagio unautupa. Ukiacha kisiki kikachipua, umelipa gharama ya kung'oa na ufagio ulishautupa.

Kisiwa kimoja, maadui watatu

Kwa ulinganisho huu sijui mahali panapofaa kuliko Unguja. Ardhi ni ileile, bahari ni ileile, na ndani ya umri wa mzee mmoja kisiwa kimejaribu kumaliza viumbe watatu tofauti. Mmoja kimemmaliza kabisa.

Huyo ni mbung'o, ambaye wengine humwita ndorobo. Kisiwani ilikuwepo aina moja tu, ile ambayo wataalamu wanaiita Glossina austeni, ikijificha kwenye vichaka na misitu, Jozani ikiwemo. Ilieneza nagana kwa mifugo: ng'ombe anakonda huku anakula, maziwa yanakauka, mimba zinatoka. Kazi ilianza kwa dawa. Ng'ombe walimwagiwa dawa mgongoni, vibao vyenye dawa vikatundikwa porini, na mbung'o wakapungua sana. Hapo ndipo kampeni nyingi hupiga picha ya pamoja na kufunga ofisi. Hii haikufunga. Mwaka 1994, kwa msaada wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, ikaongezwa mbinu ya madume tasa. Mbung'o walifugwa kwa wingi kwenye maabara ya Tanga, madume wakapigwa mionzi hadi wakawa hawana uzazi, kisha wakasafirishwa na kumwagwa kutoka kwenye ndege ndogo juu ya kisiwa. Jumla yao ilizidi milioni 8. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa Septemba 1996, na mwaka 1997 Unguja ikatangazwa kuwa haina mbung'o.

Watu husikia mionzi na ndege wakadhani siri ya ushindi iko kwenye mitambo. Mimi naiona kwa mdudu mwenyewe. Mbu hutaga mayai kwa mamia; mbung'o huzaa lava mmojammoja, kila baada ya siku tisa au kumi hivi. Ni nzi mwenye uzazi wa ng'ombe. Ukiua wachache kila wiki, pengo linaonekana. Tena jike kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani. Akishakutana na dume tasa, habari yake imekwisha. Halafu kuna bahari: zaidi ya kilomita 30 za maji kutoka bara, safari ambayo mbung'o haiwezi.

Kuna jambo moja zaidi, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Dawa hufanya kazi vizuri adui wanapokuwa wengi. Wakibaki wachache, unapuliza hekari nzima kumtafuta mmoja. Dume tasa ni kinyume chake: kadiri majike wa porini wanavyopungua, ndivyo kila mmoja wao anavyozungukwa na madume tasa wengi zaidi. Na dume huyo hahitaji kuelekezwa. Anaingia mwenyewe kwenye kichaka ambacho mtu mwenye pampu mgongoni hatakiona kamwe, anamtafuta jike wa mwisho kwa shida zake mwenyewe. Unguja ilikuwa na silaha mbili, moja ya kuwapunguza na moja ya kuwamaliza, na ikazitumia kwa mpangilio huo.

Sasa mtazame kunguru. Huyu mwenye shingo ya kijivu si wa kwetu. Aliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 ale taka za mji. Kunguru hafugiki, walisema wahenga, na waliomleta hawakuwauliza wahenga. Alimaliza taka akahamia kwenye vifaranga, mayai ya ndege wadogo, maembe, na sahani za watu. Miaka ya 1990, miaka ileile mbung'o alipokuwa akimalizwa, Zanzibar iliendesha kampeni ya mitego na sumu dhidi ya kunguru, na kwa muda idadi yao ilishuka vibaya sana. Kisha kazi ikasimama kabla ya kunguru wa mwisho. Nenda leo Forodhani jioni uketi na mshikaki wako mezani, utapata majibu ya tathmini.

Kisiwa hichohicho, muongo huohuo, mmoja ameisha na mwingine amerudi. Kunguru hakuwa na silaha ya pili dhidi yake. Mtego na sumu hufanya kazi vizuri wanapokuwa wengi na wenye pupa, lakini kila kampeni inayoua wajinga huacha werevu. Kunguru anaitambua gari iliyomwaga chambo wiki iliyopita, anamjua mtu aliyekaribia mtego. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Waliobaki ndio hao waoga, na ndio waliozaa hawa wa leo. Chakula chao pia hakikuguswa: majalala yalibaki wazi, kwa hiyo kila aliyeuawa alimwachia mwenzake nafasi na sahani. Na bahari, ambayo kwa mbung'o ilikuwa ukuta, kwa kunguru ni barabara. Ndege huyu hupanda meli. Mwaka 1994 wawili waliteremka Hoek van Holland, bandari ya Uholanzi, kwenye baridi ile, wakazaana. Ikiwa anafika Ulaya, kutoka Dar es Salaam hadi Unguja ni kuvuka mtaa.

Malaria ndiyo hadithi ndefu zaidi ya hizo tatu, na kwa sehemu yake ya kwanza ndiyo yenye uchungu zaidi. Kuanzia 1957 hadi 1968 Zanzibar ilikuwa na mpango wa kuifuta malaria kwa kupuliza dawa majumbani, ndani ya jitihada kubwa ya Shirika la Afya Duniani. Maambukizi yalishuka sana. Mpango ukakoma, ufuatiliaji ukakoma nao, na malaria ikarudi. Kurudi kwa malaria si sawa na kurudi kwa gugu shambani. Mahali ambapo watu huumwa na mbu kila siku, mwili hujenga kinga ya namna fulani. Ukiwaondolea ugonjwa kwa miaka kadhaa kisha ukauruhusu uingie tena, unawakuta hawana ngao, na watoto ndio wa kwanza.

Sehemu ya pili ilianza mwaka 2003 kwa dawa mseto, kisha vyandarua vyenye dawa na upulizaji, na ndani ya miaka michache maambukizi katika jamii yakawa chini ya asilimia 1. Wodi za watoto zilizokuwa zikijaa msimu wa mvua zikatulia. Tangu hapo ni kama boti iliyoona gati lakini haifungi kamba. Vimelea vinaingia kila siku ndani ya damu ya abiria kutoka bara. Wapo wanaobeba vimelea bila hata kuumwa kichwa. Mbu waliobaki wengi huuma nje, jioni, watu wakiwa barazani, wala si ndani ya chandarua. Programu ya Zanzibar inamfuatilia kila mgonjwa anayegundulika hadi nyumbani kwake na kuwapima anaoishi nao, kazi ya kuchosha ambayo haionekani kwenye picha yoyote.

| | Mbung'o | Kunguru | Malaria |
|---|---|---|---|
| Bahari inamzuia? | Ndiyo | Hapana, hupanda meli | Hapana, huingia na abiria |
| Uzazi | Polepole mno | Mzuri, ukilishwa na majalala | Haraka |
| Wakibaki wachache | Dume tasa huwatafuta mwenyewe | Wamejifunza mitego | Wasio na dalili hawaji kupimwa |
| Silaha ya mwisho | Ilikuwepo | Haipo | Haijapatikana |
| Kazi iliishia wapi | Mwisho | Njiani | Njiani 1968. Sasa inaendelea |

Ukilisoma jedwali hilo utaona halina mstari wa "nani ana madhara makubwa zaidi". Nimeuacha makusudi. Malaria ina madhara kuliko mbung'o wa Unguja mara nyingi sana, na hilo halikuisaidia kung'oka. Ukubwa wa madhara unakupa sababu ya kupigana. Haukuambii kama unaweza kumaliza.

Kinachokuambia

Cha kwanza ni kama adui anaonekana. Ndui ilijitangaza yenyewe usoni. Hakuna aliyeibeba miaka na miaka bila kujua, na aliyepona alibaki na makovu yaliyosema alishapita huko. Ndiyo maana, tangu kampeni ilipokazwa mwaka 1967, wachanjaji hawakulazimika kumchanja kila binadamu. Walimtafuta mgonjwa, wakachanja waliomzunguka, wakahama. Mwaka 1980 dunia ikatangaziwa kuwa ndui haipo tena. Polio ni mwizi wa aina nyingine. Katika watu 200 wanaoambukizwa, mmoja hivi ndiye hupooza. Ukimwona huyo mmoja, virusi vimeshapita kwa wengi ambao hata mafua hawakupata. Ndiyo maana Afrika, iliyotangazwa Agosti 2020 kuwa haina polio ya asili, ilishtuka mwaka mmoja na kitu tu baadaye: mtoto wa Malawi alipooza mwishoni mwa 2021 kwa virusi vyenye asili ya Pakistan, na Tanzania ikalazimika kuingia kwenye mizunguko ya chanjo ya dharura pamoja na majirani. Kuna pia tatizo la chanjo ya matone yenyewe, ambayo pale wanapochanjwa watoto wachache, virusi vyake vilivyodhoofishwa vinaweza kuzunguka muda mrefu hadi vikapata nguvu tena. Kisa hicho hakiwapi haki wanaoikataa chanjo. Kinaonyesha hatari ya kuchanja nusu.

Cha pili ni maficho. Mnyoo wa Guinea ulikuwa na wagonjwa milioni 3.5 hivi kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980. Hauna chanjo wala dawa ya kuutibu, umepunguzwa kwa vichujio vya maji na kuwazuia wagonjwa wasiingie kisimani, hadi mwaka 2024 wakabaki wagonjwa 15. Kumi na tano! Ungedhani ni mwaka mmoja tu uliobaki. Lakini huko Chad ukaonekana ndani ya mbwa, na mbwa huwezi kumwambia asinywe maji ya bwawa. Gugu maji la Ziwa Victoria nalo lina maficho yake: mbegu hulala kwenye tope miaka mingi zikingoja. Unaweza kusafisha ghuba ya Winam ikameta kama sinia, na mvua kubwa ikija gugu likachipua upya.

Cha tatu ni uzio, na nimeshausema kwa mbung'o. Niongeze tu kwamba uzio si lazima uwe bahari. Unaweza kuwa jangwa, mlima, au karantini inayofanya kazi kweli. Mpaka wa wilaya kwenye ramani si uzio.

Cha nne ndicho huua mipango mingi, nacho ni nani atalipa mwaka ambao hakuna anayeumwa. Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa Afrika Mashariki ina mfano wake na haujasimuliwa vya kutosha.

Sotoka, na miaka kumi ya kununua hewa

Sotoka, ugonjwa wa virusi wa ng'ombe, iliingia kupitia Pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880, ikateremka kusini na kuua sehemu kubwa mno ya ng'ombe wa wafugaji, Wamasai wakiwemo. Kwa makadirio ya wengi, wanane hadi tisa katika kila kumi. Njaa iliyofuata ilibadilisha ramani ya nani anaishi wapi. Chanjo iliyokuja kuiweza ilitengenezwa Muguga, nje kidogo ya Nairobi, na Walter Plowright na wenzake, karibu na mwaka 1960: dozi moja, kinga ya maisha yote ya ng'ombe.

Kwa chanjo hiyo nchi nyingi za Afrika ziliendesha kampeni ya pamoja kuanzia 1962 hadi 1976. Sotoka ikapotea karibu kila mahali. Waliokuwa wakitoa fedha wakaona imetosha, uchanjaji ukalegea, na miaka ya 1980 ikarudi na kusambaa upya kutoka kwenye mifuko michache iliyosahauliwa. Huo ni ufagio uliotupwa kisiki kikiwa bado ardhini, kwa kiwango cha bara zima.

Raundi ya pili walijifunza mambo mawili. Mifuko iliyobaki ilikuwa mahali pasipo na barabara wala umeme, kwa hiyo chanjo ikaboreshwa istahimili joto bila friji na ikakabidhiwa wafugaji wenyewe waliofunzwa, watu wanaojua ng'ombe yuko wapi msimu gani kuliko daktari yeyote mwenye Land Rover. La pili ni la kushangaza mtu asiyelizoea: ilifika wakati wakaacha kuchanja. Ng'ombe aliyechanjwa na ng'ombe aliyeugua akapona, damu zao zilifanana vipimoni. Ukiendelea kuchanja huwezi kujua kama ugonjwa umekwisha au umefunikwa. Wakaacha, wakakodoa macho. Sotoka ya mwisho ilionekana kwa nyati wa Hifadhi ya Meru, Kenya, mwaka 2001. Tangazo la kutokomezwa lilitolewa 2011.

Hesabu miaka kati ya hapo. Kumi. Miaka kumi ya kutuma watu porini, kuchukua damu, kulipa maabara, na majibu yote yanasema hakuna. Mwambie waziri yeyote wa fedha kwamba unaomba bajeti ya mwaka wa saba wa kutafuta kitu ambacho hakipo. Anayechagua kutokomeza anachagua pia miaka hiyo, na kama hayumo aliye tayari kuilipa, basi ajue tangu mwanzo kwamba anachokinunua ni udhibiti wa bei ghali.

Upande wa kudhibiti nao una mitego

Nisije nikaonekana nauza kudhibiti kama njia salama. Ubaya wake wa kwanza ni kwamba adui anajifunza shuleni kwako. Vimelea vya malaria vyenye usugu wa kiasi dhidi ya artemisinini, uti wa mgongo wa dawa mseto, vimeshathibitishwa Rwanda, Uganda na mkoa wa Kagera, Tanzania. Mbu nao wamezoea dawa kadhaa za vyandarua. Unaweza kufagia kwa ufagio uleule miaka ishirini, lakini huu ufagio unaliwa na mchwa. Kwangu hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote ya wanaotaka malaria ifutwe kabisa na isipunguzwe tu, na siidharau.

Ubaya wa pili ni kwamba tatizo likikaa sana hupata marafiki. Mti wa mathenge ulipandwa Baringo, Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1980 kuzuia jangwa. Ukateka malisho, maganda yake matamu yakaharibu meno ya mbuzi, na mwaka 2006 wananchi walifikisha malalamiko yao mahakamani Nairobi, mbuzi asiye na meno akiwa shahidi. Kisha serikali ikahimiza watu wauchome mkaa ili waupunguze. Waliouchoma wakapata kipato, na mtu akishapeleka mtoto shule kwa mkaa wa mathenge usimtegemee ashangilie siku utakapoisha. Sangara wa Ziwa Victoria ni hivyo hivyo kwa ukubwa wa kimataifa: alipandikizwa kuanzia miaka ya 1950, akala aina mamia za furu hadi nyingine zikapotea, na leo ukisema sangara atokomezwe utatoka Mwanza umefungiwa milango yote ya viwanda.

Kuna udhibiti mzuri pia, usio na makelele. Gugu maji lilipoziba mialo miaka ya 1990 walijaribu mapanga na mitambo, ila nadhani wavuvi wengi watakubali kwamba aliyesaidia zaidi ni mdudu mdogo, fukusi wa jamii ya Neochetina, aliyeletwa kutoka asili ya gugu lenyewe huko Amerika Kusini na hula hilo tu. Hatalimaliza, kwa kuwa akilimaliza naye atakufa njaa. Gugu likirudi naye huongezeka, ingawa kwa kuchelewa. Udhibiti usiodai mshahara kila mwezi ni nadra, na ukipatikana unastahili kuchaguliwa kabla ya vyote.

Mimi ningechagua nini

Polio: kumaliza, hata kama inachosha. Kusimama hapa ilipofika ni kurudia sotoka ya 1976, safari hii kwa watoto.

Malaria Unguja: kudhibiti kwa ukali uleule wa anayetokomeza, bila kuahidi tarehe. Tarehe ikishatangazwa na kupita, wafadhili hukasirika na wananchi huacha vyandarua. Kitakachoamua hatima ya malaria ya Unguja kiko zaidi Tanzania Bara kuliko Unguja.

Kunguru wa miji mikubwa ya pwani, yaani Mombasa, Dar es Salaam, Tanga na Mji wa Zanzibar: kudhibiti. Mwaka 2024 Kenya ilitangaza kampeni ya kuwaua kunguru milioni moja kabla ya mwaka kwisha, kwa sumu maalumu inayochanganywa na nyama. Sumu hiyo ina sifa nzuri ya kuharibika ndani ya mwili wa ndege, kwa hiyo paka au mwewe akila mzoga hapati madhara makubwa. Sipingi sumu. Ninachopinga ni kuhesabu mizoga. Milioni moja ni idadi ya waliokufa. Mimi ningeomba idadi ya waliobaki, na ningeiomba tena baada ya misimu miwili ya kuzaana. Ningeomba pia fedha za sumu zifuatane na fedha za kufunika majalala na kusafisha machinjio, kwa kuwa mji unaolisha kunguru asubuhi na kuwaua jioni unafuga. Na mwenye chambo awafundishe vijana wake kumtofautisha huyu na kunguru wetu wa asili mwenye kifua cheupe, asiye na kesi.

Lakini mahali ambapo kunguru hajafika, au amefika jana, chaguo ni jingine kabisa. Wale wa Hoek van Holland walifikia makumi tu, serikali ikaamua wapigwe risasi wote, watetezi wa ndege wakaenda mahakamani, na mwishowe wakaisha. Makumi yanahesabika kwa vidole na majina ya miti wanayolala. Huku kwetu kunguru wameanza kufuata barabara kuu kwenda bara, kutoka kituo kimoja cha malori hadi kingine, wakiokota mabaki ya chipsi na mihogo. Mji mdogo ulioko njiani bado una nafasi ambayo Mombasa iliipoteza zamani. Ukiwaona wawili wenye shingo ya kijivu kwenye mnara wa simu mahali ambapo hujawahi kuwaona, usisubiri waitishwe semina. Mpigie afisa wanyamapori wiki hiyohiyo, kabla hawajajenga kiota, na umwambie ni mti gani wanalala.